Shokapu Hazibebi Gari

Niliposti klipu ya Prado ya mjomba ikivuta tela ya maji kutoka bondeni, na komenti karibu zote zilikuwa za kusifu. Ati gari imekaa kitako, ati hiyo ndiyo kazi, ati chuma cha zamani hakina mchezo. Nimewapenda, lakini hiyo sifa naipinga. Gari ikilala nyuma vile haionyeshi nguvu. Inalalamika. Na wanaoumia kwanza si walio ndani ya gari, ni nyinyi wa boda mnaokuja upande wa pili usiku na taa moja.

Hesabu yenyewe ni hii, ni ya darasani tu. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya hii Prado kuna karibu mita 2.7. Nyuma ikishuka sentimita 7, taa za mbele zinatazama juu. Mita 50 mbele yake mwanga umepanda karibu mita 1.3 kutoka pale ulipopangwa kupiga. Hapo ndipo penye macho ya mtu wa boda. Mwenye gari anaona miti ya minazi vizuri sana, barabara haioni, na wewe huoni chochote. Kisha unamwashia mataa ukidhani amewasha taa kubwa, kumbe hajawasha.

Kwa wasiojua, Kikoneni iko ndani, si ufukweni kama Diani. Kaskazi ikikaza, kuanzia Januari mpaka mvua za masika zishuke, kuna nyumba na mijengo inayosubiri maji ya kuletwa. Mjomba analeta. Ana tela ya ekseli moja na tangi la lita 1000 juu yake, na anavuta kwa Prado ya mwaka 1998, ile ya mgongo wa mviringo ambayo Toyota walitoa kati ya 1996 na 2002. Gari ya namna hii huwezi kuiingiza tena Kenya, kwa sababu gari za mtumba haziruhusiwi zikishapita miaka 8. Kwa hivyo zilizopo ndizo hizo hizo, zinazeeka pamoja na sisi. Mjomba hana mpango wa kununua nyingine, na nyumba yake yote inakula kwa hii gari. Ndiyo maana nilikasirika alipolipishwa kitu ambacho hakikuwa dawa.

Alienda kwa fundi mmoja, simtaji jina wala mji, akasema nyuma imelala. Fundi akaangalia mara moja, akasema shokapu zimekufa. (Neno hili tumelipokea kutoka kwa ndugu zetu wa Tanga, wengine huku wanasema shoki. Ni mamoja.) Shokapu mbili mpya zikafungwa, pesa zikatoka, gari ikalala vilevile. Fundi akasema basi sasa ni kuinua kwa spesa.

Jamani, shokapu hazibebi gari. Kinachobeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kudunda baada ya shimo. Ungezitoa zote mbili leo, gari ingebaki karibu pale pale ilipo, ila ungeendesha kama umepanda ngalawa ya kusi. Shokapu zilizokufa zinajulikana kwa kudundadunda, kwa mafuta yanayovuja kwenye mwili wake, kwa tairi kuliwa mabaka mabaka. Urefu wa gari ni habari ya springi na mzigo. Basi mtu akikuuzia shokapu kama dawa ya kulala nyuma, muulize taratibu zinabeba kilo ngapi, halafu mwangalie anavyobadilisha mada.

Spesa ndizo zinanisumbua zaidi kwa sababu vijana tunazipenda. Ni kipande cha raba au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi, gari inapanda sentimita kadhaa, picha inatoka fiti. Kwa gari ya kutembelea sina neno. Lakini kwa gari ya kuvuta, spesa inainua springi ileile iliyochoka bila kuiongezea uwezo hata wa kilo moja. Ukifunga tela inashuka sentimita zilezile, ila umeanzia juu zaidi. Ni kama mtu mwenye maumivu ya mgongo umempa viatu vya kisigino.

Na kuna jambo la breki ambalo sijaona mtu akilizungumzia kwenye hizi klipu za kuinua magari. Prado nyingi za umri huu zina vali juu ya ekseli ya nyuma, imeunganishwa na fito ya chuma. Nyuma ikishuka, ile fito inaiambia vali kwamba gari imebeba, na vali inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Nyuma ikipanda, inaelewa gari ni tupu, inapunguza, ili tairi za nyuma zisijifunge. Sasa wewe umeinua nyuma kwa spesa halafu umebeba maji. Vali inadanganyika, inadhani hujabeba, na inakunyima breki siku ile ile unayozihitaji. Ukiinua, hiyo fito lazima irekebishwe. Uliza fundi wako kama anajua iko wapi kabla hajafungua nati ya kwanza.

Mimi na mjomba tulianza na kupima, kazi ya asubuhi moja, bila kununua kitu. Tulisimamisha gari tupu mahali palipo sawa, tukapima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Hata bila tela nyuma ilikuwa chini kuliko mbele kwa sentimita 5, na upande wa kushoto umezidi wa kulia kulala. Gari hizi tupu huwa nyuma iko juu kidogo, kwa hivyo springi zimechoka, hilo halina ubishi. Tulipolala chini kuangalia, zile raba za kuzuia ekseli isigonge chesisi moja ilikuwa imeliwa nusu. Ule mlio wa "go!" kwenye matuta tuliokuwa tunausikia ulikuwa unatoka hapo.

Kisha tukafunga tela imejaa. Nyuma ikashuka sentimita 7 zaidi.

Hapa ndipo watu wengi wangekimbilia springi ngumu. Mjomba naye alikuwa ameshaanza kuuliza bei Mombasa. Nikamwambia, "Mjomba, tupime kwanza huo uzito unaokalia gari." Akaniangalia vile watu wazima wanavyomwangalia kijana wa simu, lakini akakubali. Tukaazima mizani ya kupimia magunia kwa jirani anayenunua korosho, tukaiweka chini ya shingo ya tela pale inapokalia ule mpira wa chuma nyuma ya gari, kwa urefu uleule, tela ikiwa imejaa maji na imelala sawa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe.

Kilo 220.

Tela na maji yake ni kama kilo 1300, lita moja ya maji ikiwa ni kilo moja. Kawaida inayotajwa na watu wengi wa kazi hii ni uzito wa shingoni uwe karibu asilimia 10 ya tela nzima, yaani kama 130. Tulikuwa tumezidisha kilo 90. Na kilo hizo haziikalii ekseli ya nyuma kwa uzito wake tu, kwa sababu ule mpira uko nyuma ya ekseli, kwa gari hii kama mita 1.2. Ni mbeya, wenzangu, ile ya fomu tu. Chuo niliacha, lakini hii haikutoka kichwani. 220 mara 1.2, gawa kwa 2.7, unapata karibu kilo 98. Hizo zimenyanyuliwa kutoka tairi za mbele na kutupwa nyuma. Ekseli ya nyuma inabeba 318 za ziada, na za mbele, ambazo ndizo zinazokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki, zimekuwa nyepesi kwa karibu kilo 100. Mjomba akasema ndiyo maana usukani unakuwa laini akiteremka na maji. Alikuwa anaufurahia ule ulaini.

Tangi lilikuwa limefungwa mbele mno kwenye tela. Aliyelifunga alifuata mashimo ya boliti yaliyokuwepo, basi. Kutoka shingoni mpaka ekseli ya tela ni mita 2.5, kwa hivyo kila sentimita unayolirudisha tangi nyuma inapunguza kilo 4 shingoni. Tulihitaji kama sentimita 22. Mtu wa kuchomelea akatoboa mashimo mapya na kuongeza vyuma viwili vya kushikilia, tangi likarudi, tukapima tena: 132. Tukafunga kwenye gari na nyuma ikashuka sentimita 4 badala ya 7. Hatujagusa springi bado! Kazi ya kuchomelea ilikuwa bei ndogo kuliko shokapu moja.

Tafadhali usikie hiki kipande na uache kingine: usirudishe mpaka shingo iwe nyepesi kabisa. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli ya tela, tela inaanza kuchezesha mkia, na ikishika kasi barabarani inageuza gari na wewe ndani. Nyepesi mno ni hatari kuliko nzito. Ndiyo maana nasema mizani, si jicho.

Baada ya hapo ndipo springi zikawa na maana. Kitu nilichojifunza katika kusoma habari hii ni kwamba springi ya koili ikizeeka inapoteza urefu zaidi kuliko inavyopoteza ugumu. Inakaa chini, lakini inapambana karibu kama zamani. Kwa hivyo gari inayolala hata ikiwa tupu inataka springi mpya, na gari inayosimama vizuri tupu halafu inalala ikifungwa tela inataka uangalie mzigo. Ya mjomba ilikuwa na yote mawili, na tukitibu moja tu tungekuwa tumetupa pesa.

Zinauzwa kwa viwango. Kuna za kawaida, kuna za mzigo wa wastani wa kila siku, kuna za mzigo mkubwa. Old Man Emu na Ironman, zote za Australia, zinapatikana Kenya, na kuna nyingine za bei ya chini. Vijana wa duka watakusukumia ngumu kuliko zote kwa sababu zinainua sana. Kwa mtu anayerudi mtupu nusu ya safari zake, kama mjomba, hizo zitamvunja kiuno na nyuma itarukaruka kwenye changarawe, tairi zinashika hewa. Tulichagua za wastani. Mjomba alizifuata Mombasa akarudi kupitia Dongo Kundu, maana kwenye feri ya Likoni ule mpira wa nyuma ulikuwa unakwaruza chuma cha ngazi kila akipanda, na alikuwa amechoka kuangaliwa.

Kuna pia mifuko ya hewa inayoingia ndani ya koili, unaijaza ukifunga tela na kuipunguza ukiwa mtupu. Naipenda kama wazo. Lakini kwa njia zetu za mawe, na mtu ambaye hana muda wa kupima upepo kila asubuhi, ikitoboka uko pale pale ulipoanzia. Kwa mtu wa Diani anayevuta boti mara mbili kwa mwezi, ningeiangalia.

Springi zimeingia, zile raba za kugonga tumeweka mpya, fito ya vali ya breki fundi ameirekebisha (huyu alikuwa anajua iko wapi), na taa tumezipanga upya usiku kwenye ukuta wa duka. Sasa tupu imesimama nyuma juu kidogo, na ikijaa inakaribia kuwa sawa.

Kilichobaki ndicho kikubwa, na mjomba anajua. Ulaya na Australia tela inayozidi kilo 750 lazima iwe na breki zake yenyewe. Hii yetu ina 1300 na haina hata moja. Springi nzuri haisimamishi zaidi ya tani moja ya tela na maji inayokusukuma mteremkoni. Nimemwambia aweke tangi la lita 500 kwa sasa, lijae kabisa, kwa sababu tangi kubwa lililojaa nusu linafanya maji yakimbie mbele na nyuma na kukusukuma kila ukikanyaga breki. Anasema lita 500 ni nusu ya mapato kwa dizeli ileile, na hapo sina jibu la haraka. Anatafuta ekseli kuukuu yenye breki. Mwenye kujua inakopatikana upande huu wa Lunga Lunga anitafute inboksi.