Mlango wa Chuo: Ziara Yetu ya Lamu kutoka Kanja

 

Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na akina baba wa mwambao, huenda wengi wenu mmezaliwa Lamu au mna jamaa huko, na majumba tutakayoyataja mmeyapita tangu utotoni mkienda sokoni. Hata hivyo, tunaomba mtuvumilie. Jambo la nyumbani mara nyingine huonekana vyema likitazamwa na macho ya mgeni, na safari hii wageni walikuwa ni watoto na akina mama wa Kanja, katika kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huko ndiko tunakosomesha, sisi tuliotiwa chuoni pwani tukiwa wadogo.

Kanja ni nchi ya chai na kahawa, yenye baridi ya asubuhi na udongo mwekundu. Waislamu wake ni wachache, na wengi ni watu waliosilimu wao wenyewe au wazazi wao. Darasa letu ni chumba kimoja cha kupanga, chenye kuta za mbao na mabati juu. Wavulana hukaa ndani. Wasichana hukaa barazani, na mvua ikinyesha hurudi makwao. Aghalabu msichana akifika miaka kumi na miwili huacha kuja kabisa, kwa kuwa mama yake haoni heri kumkalisha mbele ya njia ya watu.

Kwa muda mrefu wazee wetu wamekuwa wakichanga fedha za kujenga. Baadhi yao walitaka tuanze na msikiti wenye mnara, ili Uislamu uonekane katika mji ule. Akina mama walitaka kwanza chumba cha wasichana. Maneno yakawa mengi, na nyoyo zikaanza kutengana. Ndipo tuliposhauri kwamba, kabla ya kuweka jiwe, familia chache ziende zikautazame mji wa Waislamu uliojengwa zamani, zione wenyeji wake walitanguliza nini.

Vijana walituuliza kwa nini tusiwapeleke kwenye mji wenye chuo kikuu cha kale. Tuliwajibu kwamba ndiko tunakokwenda. Wazee wetu walipotaja chuo walikusudia kitabu, kisha neno hilo likawa jina la mahali pa kukisomea. Kwa maana hiyo, Lamu ni mji wa vyuo tangu zama za kale. Embu nayo ina chuo kikuu chake, kilichopata hati mwaka 2016, nasi tunawaombea watoto wetu wafike huko. Lakini mti haushiki kwa matawi peke yake.

Tulisafiri siku mbili hadi Mokowe, tukapanda mashua. Watoto ambao hawajapata kuiona bahari walinyamaza kimya mpaka tulipofika gatini.

Tulianza na Ngome, iliyoanza kujengwa karibu na mwaka 1813, baada ya vita vya Shela, ikakamilika mwaka 1821. Kuta zake ni nene, na ua wake una mwangwi. Tangu mwaka 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, kisha ikakabidhiwa watu wa makumbusho, na leo ndani yake mna maktaba. Mvulana mmoja alisimama penye ua akauliza: “Sheikh, wafungwa walisali wapi?” Hatukuwa na jibu la kumpa, ila tulimwonyesha watoto wa mji waliokuwa wamekaa na vitabu vyao. Jengo ni lile lile, na mawe ni yale yale, ila watu wamelipa kazi nyingine.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye Makumbusho ya Lamu, katika jumba la ufukweni lililowahi kukaliwa na balozi mdogo wa Uingereza, Jack Haggard. Humo mna siwa mbili mashuhuri, ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na ya Lamu iliyofuliwa kwa shaba. Siwa ilipulizwa katika harusi na sherehe za watu wakubwa, na si kila mtu aliyepuliziwa. Tulipita pia kwenye nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa mwezi wa Novemba 1888 ikafungwa mwezi wa Machi 1891. Dola kubwa ilikuja, ikapiga mihuri yake kwa muda usiotimia miaka mitatu, ikaondoka.

Mahali palipowashika akina mama ni ile Nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18, iliyotengenezwa upya ili watu waione ilivyokuwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Ukutani mna zidaka zilizonakshiwa, mahali pa kupangia vyombo vya kauri. Kadiri uingiavyo ndani ndivyo unavyoikaribia sehemu ya wanawake, iliyositiriwa kabisa. Nje kwenye vichochoro tulionyeshwa wikio, zile daraja zinazounganisha nyumba na nyumba juu ya njia, ambazo kwazo bibi aliweza kumtembelea jirani yake bila kushuka barabarani.

Mama mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa na neno zaidi katika vikao vyetu vya Kanja, alitazama sana kisha akasema: “Sheikh, hapa nimeona walipolala na walipojipambia. Je, walisomea wapi?”

Tulimwambia kwamba walisomea humo humo. Watoto wa kike wa mwambao walifundishwa Qur'ani majumbani, na mara nyingi walimu wao walikuwa wanawake. Tukamtajia Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili bintiye apate wasia wa dini na dunia. Alifariki muda mfupi baadaye. Siwa zimo ndani ya kioo na hazipulizwi kila siku, lakini maneno ya mama yule mgonjwa kwa mwanawe yangali yakisomwa. Tukamtajia pia msikiti wa al-Qarawiyyin wa mji wa Fez, kule Moroko, ambao kwa mapokezi ya wanahistoria uliasisiwa mwaka 859 na bibi Fatima al-Fihri kwa mali aliyorithi kwa baba yake, ukaja kuwa miongoni mwa vyuo vikuu vya kale zaidi duniani. Mama yule hakujibu neno. Alimshika binti yake mkono wakaendelea kutazama zidaka.

Siku ya pili tulikwenda Langoni, kwenye Msikiti wa Riyadha. Hapa si makumbusho. Hapa watu wanasoma. Habib Saleh, Mungu amrehemu, alikuja Lamu akiwa kijana kutoka Visiwa vya Ngazija. Alisomesha kwanza katika kibanda, na akawafungulia darasa lake watu ambao mji wa siku zile haukuwahesabu: wageni, maskini, watumwa na wale waliotoka utumwani. Wako waliochukizwa na jambo hilo, kwani walizoea kuona elimu ikikaa katika majumba ya mawe. Msikiti wenyewe ulijengwa karibu na mwaka 1900, na alipofariki mwaka 1935 wanafunzi wake walikuwa wameenea sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Vitabu vya mkono vilivyohifadhiwa hapo vimepigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, na wanazuoni wa mbali huvisoma leo.

Baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja wa hapo aliwauliza wenzetu watokako. Waliposema Embu, mwanamume mmoja wa kundi letu aliongeza kwa sauti ya chini kwamba wao ni watu wa kusilimu tu. Mzee alimtazama akasema: “Mwanangu, usiseme ‘tu’. Masahaba nao walisilimu. Na sayyid wetu alikuja hapa mgeni.” Tuliona yule mwanamume akifuta macho kwa upindo wa kanzu.

Wasomaji wetu, haya ndiyo tuliyoyapata katika safari ile. Ngome ilijengwa kwa nguvu za wakubwa, na posta kwa nguvu za dola. Darasa la kibandani halikuwa na ukuta wa kujivunia, ila mlango wake ulikuwa wazi kwa aliyekataliwa kwingine, na ndilo lililozaa walimu waliotufikia hata sisi. Anayetaka kujua nyumba ya elimu ina uzima kiasi gani na atazame ni nani anayeruhusiwa kuingia, na ni nani aliyebakizwa barazani.

Tuliporejea Kanja tulifanya kikao. Wazee wameridhia chumba cha wasichana kitangulie, kiwe na mlango wake na mwalimu wa kike. Mzee wetu mmoja hakuafiki, akazuia mchango wake. Tunamheshimu, na tunaendelea kumwendea kwa upole. Fedha zilizopo hazijatosha hata kuezeka. Lakini msingi umechimbwa, na wasichana wanane waliokuwa wameacha wamerudi, wakikaa kwa sasa katika sebule ya mama yule aliyeuliza walisomea wapi.

Nanyi mlio pwani, tuna ombi. Mkiwa na msahafu wa babu au kitabu cha mkono kilichofungwa kitambaa juu ya kabati, msikiuze kwa mpita njia, wala msikiache kikaliwa na mchwa. Kipelekeni kwa wanaojua kukihifadhi, na kabla ya hapo mkae na watoto muwaeleze ni nani aliyekiandika. Wapelekeni Ngomeni na Riyadha siku ya mapumziko. Na mtu wa bara akija kuwauliza njia ya msikiti, mkaribisheni kama mwenye nyumba, kwani urithi huu ni wake pia.

Wabillahi tawfiq.