Hoteli ya Nairobi na mti uliobeba barua

KAMITUGA – Mtu akikimbia vita, akishapata pa kulala, swali la kwanza ni hili: wengine wa nyumbani wako wapi? Mjini Nairobi, Kenya, kuna hoteli ambamo watu waliotafutana walijibiwa na mti.

Hoteli hiyo ni Stanley. Mama mmoja Mzungu, Mayence Bent, aliifungua mwaka 1902 kwenye barabara iliyobeba jina la Malkia Victoria. Mwaka 1905 moto uliiteketeza. Ikahama, na mwaka 1913 ikafunguliwa pale ilipo leo. Jina lake ni la yule Stanley ambaye mwaka 1871, pamoja na Livingstone, alifika Ruzizi inapoingia Ziwa Tanganyika, mto uleule unaotoka Bukavu. Lakini barabara inayopita kando yake leo inaitwa Kimathi, kwa jina la mpigania uhuru aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1957. Enzi za ukoloni, Mwafrika aliingia humo kupika na kufagia, si kulala.

Kwa nje ni jengo la ghorofa kama mengine ya mjini. Ndani wametunza sura ya zamani: kuta za mbao, viti vya ngozi. Ila kinachokumbukwa zaidi ni mgunga uliopandwa katikati ya mkahawa. Wakati ule hapakuwa na simu za mkononi. Msafiri aliandika kwenye karatasi alikotoka na anakoelekea, akaibandika kwenye shina. Mwenzake akipita baada ya siku kadhaa, alisoma, akamfuata. Baadaye mbao za matangazo ziliwekwa ili shina lisiumie. Mti ulipozeeka, mwingine ulipandwa mahali palepale.

Jengo liliungua, likahama. Mti nao ulibadilishwa. Kilichosaidia watu ni kwamba kila mmoja alijua pa kuacha neno na pa kulitafuta.

Kwa familia zilizohama makwao, mti huo ni redio. Anayeleta tangazo ataje jina la anayetafutwa, jina la baba na mama, kijiji walikotoka na siku waliyoachana. Nyumba anamolala asiitaje hewani, maana wasikilizaji si wote wema. Aiache kwa mtu anayemwamini. Na aliye salama asingoje kutafutwa. Naye aache neno.