Barua kutoka London: Mjomba, tulikosa mkata umeme

Edmonton, London
25 Agosti 2025

Shikamoo Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti niliupata Jumamosi usiku, ndiyo kwanza nimekabidhi basi yadi. Nusu yake ni kicheko. Nimekusikia ukimtaja Eze, na nyuma yako nikasikia wenzako wa kijiweni wakikuitikia kama kibwagizo cha taarab. Sawa. Eberechi Eze tulishamhesabu wetu, Arsenal wakapita katikati wakamchukua, tena mtoto waliomtema wenyewe alipokuwa na miaka 13. Jumamosi wakamtembeza uwanjani kwao kabla ya kuwapiga Leeds tano. Cheka Mjomba, ni haki yako.

Ila Jumamosi hiyohiyo mchana sisi tulikuwa tumeshamaliza kazi Manchester. City 0, Tottenham 2. Wiki moja kabla tuliwafunga Burnley 3-0. Mechi mbili za ligi na kipa wetu hajaokota mpira wavuni. Leo ni Jumatatu ya mapumziko, nusu ya jiji imekwenda kwenye kanivali ya Notting Hill, mimi nimebaki na chai yangu. Basi nikujibu lile swali unaloniuliza kila nikipiga simu: "Hivi kwenu anakaba nani?"

Nianze na aibu, maana najua utaitaja. Msimu uliopita tulimaliza nafasi ya 17. Katika mechi 38 tulipoteza 22. Hapa mtaani watu walikuwa wanasema tatizo ni ushambuliaji, Son amechoka, Solanke hafungi. Mjomba, tulifunga mabao 64. Chelsea nao walifunga 64, na wao wakamaliza nafasi ya nne. Tofauti ni kwamba wao walifungwa 43, sisi 65. Nyie Arsenal mlifungwa 34 tu. Timu inayofunga sawasawa na waliokwenda Ligi ya Mabingwa haiwezi kulaumu washambuliaji wake.

Wengi wakageukia mabeki, na hapo ndipo ninapogombana nao kwenye chumba cha chai kazini. Romero ni bingwa wa dunia na Argentina. Van de Ven mwaka jana, Januari 2024, alipimwa akikimbia kilomita 37.38 kwa saa, na hakuna aliyewahi kurekodiwa na kasi kubwa zaidi katika Ligi Kuu ya Uingereza tangu waanze kupima hivyo. Hawa si mabeki wabovu. Walichokosa ni mtu wa mbele yao.

Ukiwa kwenye kibanda umiza huwezi kuona ninachokisema, kwa sababu kamera inaufuata mpira. Mimi mwenyewe nilikuwa sikioni mpaka dereva mwenzangu aliponiachia tiketi yake, maana tiketi hapa si kitu cha kwenda kununua dirishani siku ya mechi. Nikakaa jukwaa la kusini, lile la watu 17,500 nyuma ya goli, limepanda kama kilima. (Bia wanaijaza kutokea chini ya glasi, Mjomba, inapanda yenyewe kama kisima. Lakini sheria ya nchi hii hairuhusu uinywe huku unaangalia mpira, kwa hiyo watu wanaimalizia ndani mbiombio kama wanafukuzwa.) Kutoka pale unaona uwanja mzima. Nikawaona mabeki wetu wawili wa kati wamesimama karibu na duara la katikati. Porro na Udogie, mabeki wa pembeni, hawako pembeni. Wameingia ndani wanacheza kama viungo. Nyuma ya Van de Ven hakuna kitu, nyasi tupu nusu uwanja, na kipa Vicario katoka golini anazurura nje ya boksi. Tukiwa na mpira, raha tupu. Mpira ukipotea tu, jukwaa zima linavuta pumzi pamoja. Adui anapiga pasi moja ndefu, Van de Ven anageuka na kuanza kukimbia kurudi, na watu wanasimama kwenye viti kuona kama atawahi. Mara nyingi aliwahi. Nikajiuliza paja la binadamu litastahimili hivyo mara ngapi kwa msimu.

Halikustahimili. Wewe unakumbuka ile mechi ya Novemba 2023 dhidi ya Chelsea, maana ulinipigia usiku ule. Romero alipewa nyekundu, Udogie naye akafuata, na Van de Ven akatoka akiwa ameshika nyuma ya paja. Tukabaki tisa. Kocha Postecoglou akawaacha wale tisa wasimame palepale, karibu na mstari wa kati, Højbjerg kiungo akiwa amegeuzwa beki. Nicolas Jackson akatufunga matatu peke yake, tukalala 4-1. Uwanja ukawapigia makofi. Hata mimi nilipiga makofi mbele ya televisheni, nikisema hawa wanaume. Leo nikiitazama tena naona kocha aliyependa wazo lake kuliko wachezaji wake.

Msimu uliofuata ndipo ukaja msiba wenyewe. Novemba 2024 tunawafunga City nne bila kwao. Na kabla ya hapo tumefungwa nyumbani na Ipswich, ambao hawakuwa wameshinda mechi hata moja ya ligi. Ndani ya ushindi ule wa City, Vicario alivunjika kifundo cha mguu na akaendelea kucheza hadi mwisho. Desemba wakaja Chelsea. Romero na Van de Ven ndiyo wametoka hospitali, wakapangwa wote wawili. Tukaongoza mabao mawili mapema kabisa. Romero akatoka kipindi cha kwanza, Van de Ven akatoka kipindi cha pili, tukapoteza 4-3. Sasa sikiliza, Mjomba, hapa ndipo penye hoja yangu. Chelsea walipata penalti mbili, na Palmer akazifunga zote. Waliosababisha ni Bissouma na Sarr. Viungo wote wawili! Mpira ulipotea mbele yao, wakajikuta wanawakimbiza watu waliokwisha kuwapita, wakachelewa, wakagonga mguu. Hakuna beki aliyehusika.

Baada ya hapo ikawa bora liende. Archie Gray, kijana wa miaka 18, kiungo kwa asili, akacheza beki wa kati wiki nenda wiki rudi. Liverpool wakaja kwetu kabla ya Krismasi wakatupiga 6-3. Ninyi mkatufunga nyumbani na kwenu, mara zote kona ikituumiza. Drăgușin naye akaumia goti.

Mimi nilianza kuipenda timu hii kwa sababu ya mtu aliyekaa mahali palepale penye tundu, mbele ya mabeki. Mwaka 2016 Victor Wanyama alitoka Southampton akaja Tottenham, na kwa mtu wa Afrika Mashariki hilo halikuwa jambo dogo. Mkenya mwenye jezi ya timu kubwa ya London, na anaanza kila wiki. Watu humkumbuka kwa lile kombora la Anfield la Februari 2018, na kweli lile shuti lilitaka kuchana nyavu. Mimi namkumbuka kwa kazi isiyoonyeshwa kwenye muhtasari wa mabao. Mkata umeme hasa. Anasimama mita chache mbele ya Vertonghen na Alderweireld, mpira ukipotea yeye yupo tayari njiani, anaweka mwili, umeme unakatika, tunaanza upya. Msimu wa 2016/17 tulimaliza wa pili na pointi 86, tukafungwa mabao 26 tu, machache kuliko timu yoyote ya ligi ile. Nyumbani hatukupoteza mechi. Na siku ya mwisho ya uwanja wa zamani wa White Hart Lane, dhidi ya Manchester United, bao la kwanza lilikuwa la kichwa cha Wanyama.

Linganisha, Mjomba: 26 na 65. Mabeki wa sasa wana kasi kuliko Vertonghen na Alderweireld. Ukuta wa 2017 ulikuwa na mtu mlangoni.

Nikueleze sasa habari ya Bilbao, kwa sababu wewe husema kombe lile tuliliokota. Postecoglou alikwisha kusema Septemba, siku mliyotufunga kwa kichwa cha Gabriel, kwamba yeye mwaka wake wa pili siku zote hushinda kitu. Watu wakamcheka hadi Mei. Tarehe 21 Mei tukakutana na United huko Bilbao kwenye fainali ya Ligi ya Europa, timu ya 17 na timu ya 16, wakubwa waliochoka wote wawili. Brennan Johnson akafunga dakika ya 42, bao la kusukumana lisilo na uzuri wowote. Basi kocha yule yule, mtu wa mstari wa juu, akarudisha timu yote nyuma. Kipindi cha pili tulikaa kwenye boksi letu. Mashuti matatu tu tulipiga mechi nzima. Aliingia Danso akatoka Johnson, beki kwa winga. Yaani tulipaki basi, na ninasema hivi kama mtu anayepaki basi kila siku kwa riziki yake. Højlund alipopiga kichwa goli likiwa tupu, Van de Ven aliruka kinyumenyume akautoa mpira hewani kabla haujavuka mstari. Nimeiangalia picha ile mpaka mke wangu ameniuliza kama ni ndugu yetu.

Tulisubiri kombe tangu 2008. Najua ninyi wa Coastal Union mnasubiri ubingwa wa ligi tangu 1988, kwa hiyo sitalalamika sana. Ijumaa baada ya fainali walipita na kombe kwenye basi la wazi kuanzia hapa Edmonton Green kwenda uwanjani, barabara hiyohiyo ninayopita na basi la 149 nikiwa zamu. Mzee mmoja Mjamaika, jirani, alikuwa amempandisha mjukuu wake juu ya kibanda cha kituo cha basi, jambo ambalo siku nyingine ningemkaripia. Wasomali wa dukani walifunga duka. Siku mbili baadaye tukacheza mechi ya mwisho ya ligi nyumbani, Brighton wakatupiga 4-1, na hakuna aliyejali.

Siku kumi na sita baada ya Bilbao Postecoglou akafukuzwa. Nusu ya mtaa ilinuna. Mimi nilisikitika kwa ajili yake, ila nilikuwa upande wa waliomtoa, na sababu yangu ni Bilbao yenyewe. Fainali ile ilionyesha kwamba alijua kulinda. Kama alijua, kwa nini alituacha tufungwe 65?

Akaja Thomas Frank, aliyekuwa Brentford. Alilolifanya likanituliza ni kumpokea João Palhinha kwa mkopo kutoka Bayern na kumvisha jezi namba sita. Mreno mrefu, uso wa askari wa forodha, anapenda kukaba kama wengine wanavyopenda kufunga. Mechi ya UEFA Super Cup kule Udine dhidi ya PSG, mabingwa wa Ulaya, tuliongoza 2-0 hadi dakika ya 85. Tena waliofunga ni Van de Ven na Romero, mabeki! Wakasawazisha dakika za majeruhi, wakatutoa kwa penalti. Ninyi mkaniandikia kwamba Spurs ni Spurs tu. Lakini kwa muda mrefu wa mechi ile PSG walikuwa wanazunguka nje ya boksi letu hawana pa kuingilia, na hiyo ni timu iliyowafunga Inter matano kwenye fainali. Kilichotuangusha ni pumzi, na pumzi huja na mazoezi.

Jumamosi Etihad nilimwangalia Palhinha peke yake kwa dakika nyingi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai wakati wa mapumziko ya zamu. City wakivuka katikati, anayekutana nao wa kwanza ni yeye. Romero hakukimbia kurudi hata mara moja wakati ninaangalia. Alisimama, akangoja, mpira ukamkuta. Na mwisho wa kipindi cha kwanza kipa wao akakosea pasi langoni mwake, na aliyefunga ni nani? Namba sita.

Sijipi matumaini ya ubingwa. Son amekwenda Los Angeles, unahodha kapewa Romero, ambaye hasira zake unazijua, na Maddison ameumia goti. Jumamosi tunawakaribisha Bournemouth, watu wa kukimbia. Wao ndio watanionyesha kama Palhinha anaweza kulinda eneo lote lile peke yake au City walikuwa tu na siku mbaya.

Mkazamjomba mwambie dawa zake nimempa mtu anayesafiri wiki ijayo, atazipeleka mpaka nyumbani. Ile jezi ya Eze uliyoniagiza, Mjomba, kwa kweli sitaingia duka lile; nitakutumia pesa mtu akununulie hukohuko. Novemba tunakuja kwenu Emirates. Kona zenu bado sijazipatia dawa.

Mpwa wako