Ukienda Arusha kwa Likizo, Utalala Wapi?

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Siku hizo si nyingi, na fedha za kuzitumia ni chache zaidi. Ndiyo maana baba au mama wa Dar es Salaam anayetaka kuwapeleka watoto Arusha huanza kwa kuulizia nauli, kisha huwaza karo na sare za shule, na swali la malazi huliacha nyuma kabisa, likajibiwe kituoni saa mbili usiku watoto wakiwa wamesinzia juu ya mizigo. Hapo ndipo likizo nyingi zinapoharibika. Nauli haina ujanja mwingi, na chakula utakula popote. Lakini mahali utakapolala ndipo panapoamua utaona nini asubuhi, utapanda daladala mara ngapi kwa siku, na kama mama mkwe atarudi nyumbani akisifu au amenuna.

Tuanze na jambo ambalo vitabu vya watalii haviligusi. Huenda una ndugu Arusha. Kama si kaka ni dada, kama si dada ni mtu wa kijijini kwenu mliyekua pamoja. Kwa desturi zetu, kufika katika mji alipo ndugu yako ukaenda kulala gesti ni sawa na kumtangazia mbele za majirani kwamba nyumba yake haifai. Lakini ndugu huyo huenda amepanga vyumba 2 huko Ngarenaro au Unga Limited, naye ana watoto wake. Ukimfikia na jamaa ya watu 6, atawahamishia watoto sebuleni, ataazima godoro kwa jirani, atachukua mchele na sukari dukani kwa mkopo, wala hatatamka neno. Wewe utadhani umeokoa fedha. Kumbe fedha zimetoka vilevile, ila zimetoka katika mfuko wa mtu ambaye hakuwa na likizo.

Nasema haya kwa kuwa niliwahi kuyatenda. Nililala kwa dada yangu siku 9 pamoja na mke wangu na watoto, na shemeji alitukirimu mpaka nikaona haya. Asubuhi ya kuondoka, mwanawe mdogo alinishika mkono, akaniuliza kwa furaha isiyofichika, "Mjomba, leo tunarudi kitandani kwetu?" Dada alijifanya hakusikia. Tangu siku hiyo nimekuwa na fungu la malazi katika hesabu zangu, hata kama ni dogo.

Njia ya kulitatua jambo hili bila kumuudhi mtu ni kumpigia ndugu yako simu mapema, si siku ya safari. Mweleze kwamba watoto wana hamu ya kuona mlima na wanyama alfajiri, kwa hiyo mtalala karibu na mlima, na kwamba Jumapili mtakuja kushinda kwake kutwa nzima. Sababu ya watoto ni sababu yenye heshima, na isitoshe ni ya kweli.

Sasa, malazi yenyewe. Wengi huishia katika nyumba za kulala wageni za Kaloleni na Levolosi, jirani na kituo cha zamani cha mabasi. Sizidharau. Bei zake ni za mtu wa kawaida, chakula kipo hatua chache kutoka mlangoni, na mtu hufika kwa miguu hadi Mnara wa Saa na Boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Huko Kaloleni ndiko liliko Makumbusho ya Azimio la Arusha, katika jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kulipitisha Azimio hilo. Mtoto anayelisoma Azimio darasani kama tarehe ya mtihani atashangaa kuona jinsi jengo lenyewe lilivyo la kawaida.

Lakini usiku wa huko una mambo yake. Mabasi huanza kuunguruma kabla ya alfajiri, na baa hufungwa muda mfupi tu kabla ya hapo. Pia zipo nyumba ambazo vyumba vyake hukodishwa kwa saa, na mzazi hatapenda kuwaeleza watoto kwa nini mlango wa jirani umefunguliwa na kufungwa mara 4 tangu magharibi. Dalili ni rahisi: baa na gesti vikitumia mlango mmoja, endelea na safari. Halafu jihadhari na neno lenyewe. Ukimwambia mpiga debe kuwa unatafuta hoteli, yaelekea atakupeleka penye wali na maharage, kwa sababu hoteli kwa watu wengi wa mitaani ni mahali pa kula. Sema gesti, au sema loji ikiwa mfuko unaruhusu, na usimkabidhi mtu mzigo wako kabla hujajua mwendako.

Usilipe kabla ya kuona chumba. Fungua bomba lililoandikwa maji ya moto na usubiri hadi maji yabadilike kweli. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Temeke akioga maji baridi mwezi wa Julai hataisahau likizo hiyo, ila kwa sababu mbaya. Tazama idadi ya mablanketi, na hata baridi ikizidi usiache kuulizia chandarua.

Njiro ni kuzuri na kumetulia, lakini ni upande wa kusini wa mji, na kila unachokijia kiko upande mwingine. Nauli zitakula kile ulichookoa. Ilboru na Sekei ni jirani na mji na zimeanza kuupanda mlima. Ni mahali pema kiangazi. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, ulizia kwanza kama njia ya kufika mlangoni ina lami, maana utelezi wa udongo wa Meru si wa mama mkwe mwenye fimbo.

Ushauri wangu kwa mwenye watoto ni kulala upande wa mashariki, kati ya Tengeru na Usa River. Wasafiri wengi hawakumbuki kwamba basi litokalo Dar es Salaam hupita Moshi kwanza, kisha hupita Usa River na Tengeru kabla ya kuingia mjini. Yaani unapita mbele ya mlango wa likizo yako, unakwenda kulala kituoni, na kesho yake unalipa nauli ya kurudi ulikotoka. Mwambie kondakta tangu mwanzo wa safari akushushe Usa River au Tengeru. Kwenye maeneo hayo zipo gesti za wenyeji, zipo hosteli za makanisa ambazo ni safi na milango yake hufungwa mapema (jambo linalowaudhi vijana na kuwafurahisha wazazi), na zipo loji za bustani ambazo bei zake hutajwa kwa dola. Hizo za mwisho unaweza kuzitazama ukiwa barabarani, kutazama hakulipishwi.

Tengeru ina soko kubwa siku za Jumatano na Jumamosi. Fika siku mojawapo, nawe utaona ndizi za kila namna, parachichi, na akina mama wa Kimeru waliotelemka mlimani tangu gizani na mizigo kichwani. Hapo hapo Tengeru, tangu mwaka 1942, waliishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopitia Urusi, Uajemi na bahari ya Hindi kabla ya kupata mahali pa kulala kwenye miteremko ya Meru. Makaburi ya waliofia huku yangalipo na yanatunzwa. Karibu na hapo pana Ziwa Duluti, ziwa la kreta ambalo hakuna mto juu ya ardhi unaoingia wala unaotoka, limezungukwa na msitu wenye njia ya kutembea kwa miguu. Watoto waende, lakini washikwe mikono, kwani kina cha ziwa hilo huanza karibu na ukingo.

Ukiipita Usa River kidogo kuelekea Moshi utakuta mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na rangi ya maji ya mto wake. Hapa nina neno kwa wazazi. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana madini ya floridi kwa wingi, na ndiyo yanayofanya meno ya watu waliokulia huko yawe na rangi ya kahawia. Msiwacheke wenyeji, wala msiwaache watoto wawacheke. Madhara hayo hutokana na kuyanywa kwa miaka, tangu utotoni, kwa hiyo siku chache hazitamdhuru mtoto wako. Hata hivyo, jua kwamba kuyachemsha hakuondoi floridi, bali huua vijidudu tu. Nunua maji ya chupa kwa ajili ya watoto wadogo, na hayo ya bomba yatumike kuogea.

Sababu kubwa ya kulala upande huu ni mlima wenyewe. Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,560, na mtu aliye mjini huuona kama pembe tatu kamili ya kuchorwa. Kumbe huo ni mgongo wake. Upande wa mashariki mlima ulibomoka zamani za kale, ukabaki wazi kama chungu kilichovunjika ubavu, na ndani yake kimesimama kilima cha majivu. Mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Kuuona ubavu huo hapana budi uwe Momella alfajiri, kwa kuwa aghalabu ikifika saa nne mawingu hushuka na kufunika kila kitu. Aliyelala mjini huamka saa kumi na moja, hutafuta gari, na hufika wakati mlima umekwisha jifunika. Aliyelala Usa River hufika mapema, akageuka na kuuona Kilimanjaro upande wa pili.

Momella imo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Kreta ya Ngurdoto, na Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967. Mwananchi hulipa kiingilio kwa shilingi, nacho ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka ng'ambo; lakini chukua kitambulisho chako cha taifa, maana maneno matupu hayatoshi langoni. Utaona twiga, nyati, mbega weupe kwa weusi, na heroe katika maziwa ya magadi. Ndani ya hifadhi vipo viwanja vya kupiga kambi. Ukiwa na hema, na watoto wakiwa wamevuka umri wa kulia usiku, sioni malazi yanayoshinda hayo kwa bei hiyo. Sweta si jambo la hiari.

Barabara inayopita hifadhini huendelea hadi Ngare Nanyuki, nchi kavu ya nyuma ya mlima. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza huko Wameru wapatao 3,000, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi ipewe walowezi. Mwaka uliofuata walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa huko New York kwenda kulalamika. Mkifika huko, waelezeni watoto kwamba ardhi hiyo mnayoipita kwa matembezi iliwahi kuwa kesi ya dunia nzima.

Iko namna moja zaidi ya malazi ambayo wafanyakazi wetu hawajaizoea. Huko Italia, sheria ya mwaka 1985 ilimwezesha mkulima kupokea wageni wa kulala shambani kwake, wakala mazao yake na kumwongezea kipato, na jamaa nyingi za mijini siku hizi huenda mashambani hivyo. Kwetu, vijiji vya Ng'iresi na Mulala vimekuwa vikipokea wageni tangu miaka ya 1990. Mulala akina mama hutengeneza jibini. Utaonyeshwa migomba na kahawa, na utapewa chakula cha kijijini. Ukibahatika utakaribishwa loshoro, mahindi katika maziwa ya mgando, ambayo mtoto wa Dar es Salaam ataigusa kwa ncha ya kijiko kisha ataomba tena. Wageni wengi huko ni Wazungu, na mwenyeji atashangaa kukuona. Zungumza naye bei kwa Kiswahili kabla hujapanda mlima.

Basi panga hivi, ukiwa na siku 5: usiku wa kwanza na wa pili Usa River, kwa ajili ya Momella, wa tatu Tengeru, uwahi soko, wa mwisho mjini, kwa ajili ya Azimio na basi la alfajiri. Jumapili iwe ya shemeji. Mchukulie dada kanga na sukari, usiende mikono mitupu. Shemeji atalalamika kwamba mmemfanya mgeni katika mji wake mwenyewe, na atalalamika mpaka mtori uive. Mwache alalamike. Jioni atakufungia mkungu wa ndizi ambao hutajua utauweka wapi ndani ya basi, nao usiukatae.