Mama Mwenye VVU: Chupa Kule Louisville, Ziwa Kule Butembo

Mama mwenye VVU akijifungua Louisville, Kentucky, na mwenzake akijifungua Butembo, mashariki mwa Kongo, siku hiyohiyo, virusi walivyo navyo ni vilevile. Lakini kwa miaka mingi walichoambiwa kuhusu kunyonyesha kilikuwa kinyume kabisa. Wa Louisville aliambiwa asimnyonyeshe mtoto hata mara moja. Wa Butembo anaambiwa amnyonyeshe, tena kwa miezi 6 ya kwanza asimpe kitu kingine chochote.

Tofauti hiyo inaleta mvutano ndani ya familia zilizotawanyika. Dada aliyeko Marekani akisikia mdogo wake anayeishi na VVU ananyonyesha, moyo unamruka. Anapiga simu, anatuma pesa ya maziwa ya kopo, anamsihi aache mara moja. Anafanya hivyo kwa mapenzi, lakini ushauri huo unaweza kumponza mtoto.

Agizo la Marekani lina historia yake. Mwaka 1985, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliwashauri wanawake wenye virusi wasinyonyeshe. Dawa hazikuwepo, na bila dawa yoyote watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Chupa nayo haikuwa mzigo mkubwa kule. Jikoni kuna maji ya bomba na umeme, na mama mwenye kipato kidogo hupewa maziwa ya kopo kupitia mpango wa serikali uitwao WIC.

Sasa kopo hilohilo lifikishe Butembo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, mtoto asiyenyonya anahitaji kilo 20 za unga wa maziwa kwa miezi 6, yaani makopo 40 ya gramu 500. Maji yachotwe kwa kidumu, yabebwe hadi nyumbani, yachemshwe kwenye jiko la makaa. Unga ukorogwe maji yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, ili vijidudu vinavyoweza kuwemo ndani ya unga wenyewe vife, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Chupa na chuchu yake zichemshwe kila mara, na maziwa yaliyokaa zaidi ya saa 2 yamwagwe. Kichanga hula mara 8 hivi kwa siku, na usiku umo.

Hiyo ni siku ya amani. Tangu Oktoba 2014, raia wa Beni, mji jirani na Butembo, na vijiji vyake wameuawa katika mashambulizi yanayohusishwa na waasi wa ADF, na watu wengi wamekimbia makwao. Familia inayotoroka usiku hubeba watoto. Jiko na kopo hubaki.

Botswana ilionja hatari hiyo bila vita. Serikali yake ilikuwa ikiwapa mama wenye VVU maziwa ya kopo bure. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikachafua maji, kuhara kukasambaa, na watoto zaidi ya 500 wakafariki. Wasionyonya ndio walioathirika zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu wengi hawalijui: kuchanganya. Mwaka 1999, watafiti wa Durban wakiongozwa na Anna Coutsoudis walionyesha kwamba watoto walionyonya maziwa ya mama pekee waliambukizwa kwa kiwango cha chini kuliko waliochanganyiwa na maji au vyakula vingine. Kwa hiyo mama anayetumiwa makopo mawili, akampa mtoto chupa mchana na ziwa usiku bila kutumia dawa, huenda akawa amechagua njia mbaya kuliko zote.

Hapo mama asiye na VVU naye anahusika. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta kwamba nchini Kongo ni asilimia 48 tu ya watoto walio chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya bila kupewa kingine. Maji kidogo kwa sababu ya joto, maji ya sukari kwa sababu maziwa hayajashuka, uji wa mapema kwa sababu bibi amesema mtoto ana njaa: yote hayo yanamfungulia kichanga mlango wa kuhara, mama awe na virusi au asiwe navyo.

Kilichogeuza hesabu ni dawa. Utafiti wa PROMISE, uliofanyika katika nchi kadhaa zikiwemo Uganda na Tanzania, uliwafuatilia mama zaidi ya 2,400 waliokuwa wakinyonyesha. Kwa kinga ya dawa za VVU, yaani ARV, aliyopewa mama au mtoto, maambukizi yalikuwa asilimia 0.3 mtoto akiwa na miezi 6, na asilimia 0.6 akifika miezi 12. Tangu 2016, WHO inasema mama anayemeza dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, huku akianza kumlisha mtoto vyakula vingine baada ya miezi 6.

Beni na Butembo wanajua pia wakati ambapo ziwa hukatazwa kwa haki. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, mama mgonjwa alitenganishwa na mtoto wake, kwa kuwa virusi vya Ebola hupita kwenye maziwa. UNICEF ilifungua vituo vya kulelea watoto hao karibu na vituo vya matibabu, na wanawake waliopona Ebola wakawabeba, wakawalisha na kuwaimbia. Maziwa ya kopo yalifaa pale kwa sababu yaliletwa bila kukatika na walezi walikuwepo mchana na usiku.

Hata Marekani kopo si la uhakika. Februari 2022, kiwanda cha Abbott kilichoko Sturgis, Michigan, kilisimamisha uzalishaji na rafu za maziwa ya watoto zikabaki tupu. Msimamo nao umelegezwa: Januari 2023, mwongozo wa taifa uliruhusu mama mwenye VVU aliyedhibiti virusi kuamua pamoja na daktari wake, na mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto kikasema hatari kwa mama wa namna hiyo ni chini ya asilimia 1.

Basi ndugu uliye ng'ambo, kabla ya kutuma kopo, muulize mdogo wako kama amepata dawa zake mwezi huu, kama wingi wa virusi vyake umepimwa, na kama mtoto amepata dawa yake ya kinga na kipimo cha VVU cha wiki ya 6. Pesa ya kopo igeuze nauli ya kwenda kituo cha afya na chakula cha mama mwenyewe. Wala usimwambie aache kunyonyesha kabla hajazungumza na muuguzi anayemfuatilia.