Taya Langu na Picha Yake

Likizo ya mwezi wa Juni ilinikuta nyumbani kwetu Soweto, Mbeya, taya likilia "ta!" kila nilipotafuna kande. Baba akanipeleka hospitali, nikapigwa eksirei. Daktari wa kwanza akasema kiungo ni kizima. Wa pili, kwa picha ile ile, akasema kimelika, akataja na habari ya kupasuliwa. Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya ada. Baba akaniuliza, "Wewe unayesoma sayansi, tumsadiki nani?" Nikanyamaza.

Shuleni mwalimu wa baiolojia alinieleza ya kwamba baina ya taya na fuvu kuna kisahani laini. Kikihama mahali pake, taya huweza kulia. Eksirei haikionyeshi, huonyesha mfupa; mashine ya sumaku, MRI, ndiyo hukionyesha. Hata hapo wasomaji wa picha hutofautiana. Kuwapima, hutumika hesabu ya Mmarekani Jacob Cohen ya mwaka 1960, iitwayo kapa (jina hilo lilituchekesha sana). Huondoa kwanza makubaliano ya bahati, maana hata wawili wakirusha sarafu hulingana karibu nusu ya mara.

Nikamwandikia Baba hayo yote, kurasa mbili. Akajibu: "Je, unatafuna?"

Natafuna, kwa upande wa kushoto.