Mabuti ya Kihansi

Desemba ile niliporudi Muleba kwa likizo, Bibi alinipa ndoo nishuke kisimani. Kisima chetu kiko bondeni, chini ya kibanja, pale migomba inapokwisha na mafunjo yanapoanza. Nikamwambia anisubiri, kwanza nioshe mabuti yangu.

"Unayaosha ili ukayatie tope?" aliuliza.

Tata alikuwa barazani. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikaendelea kusugua nyayo kwa brashi na sabuni, nikayamwagia maji ya moto, nikayaanika juani. Siku ile nilienda kisimani pekupeku.

Wiki mbili kabla, mabuti yaleyale yalikuwa Kihansi, kwenye korongo la milima ya Udzungwa. Huko kuna chura wa rangi ya dhahabu asiyefika urefu wa kidole gumba. Hatagi mayai, anazaa watoto. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji mengi yakachepushwa, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani wasije wakaisha wote. Mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa, waliobaki wakaanza kuongezeka. Halafu mwaka 2003 wakafa kwa ghafla, na ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ukakutwa humo. Chura hunywa na kupumua kwa ngozi, kwa hiyo ngozi ikiharibika, moyo nao husimama. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Wajukuu wa wale wa Marekani walirudishwa korongoni mwaka 2012.

Ukungu huo husafiri majini na kwenye tope lenye unyevu. Hauhitaji adui wa kuubeba. Mwanafunzi mwenye mapenzi mema na mabuti machafu anatosha.

Jioni nilimweleza Tata haya yote. Alisikiliza, kisha akasema, "Mama, mgeni wa majini mimi namjua. Ndiye aliyekulipia ada."

Alimaanisha sangara. Tata alivua miaka mingi kutoka Kemondo hadi visiwa vya Bumbire. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo ambao aina zao nyingi hazikuwako kwingine duniani. Inakadiriwa aina zipatazo 200 zimetoweka. Lakini minofu ya sangara ilinunuliwa, na kwa fedha hiyo nilisoma sekondari Bukoba, nikala, nikavaa, nikafika chuo kikuu kujifunza kwamba sangara ni janga.

Sikuwa na jibu. Nilimuuliza kama anawakumbuka furu wa utotoni mwake. Akaanza kuwataja kwa Kihaya, mmoja mmoja, kwa rangi ya tumbo, kwa umbo la mdomo. Alipofika kama wa saba akanyamaza. "Wengine nimesahau," alisema. "Ukikosa kumwona samaki, jina nalo linaondoka."

Kisha akakumbuka gugu maji, lililoshuka na Mto Kagera likaingia ziwani. Lilipoonekana mara ya kwanza, anasema, watu walilisifu kwa ua lake zuri la zambarau. Baadaye mitumbwi ikashindwa kutoka.

Usiku mvua ilinyesha, na bondeni vyura wakaanza. Sauti nyembamba kama kengele, nyingine nzito kama mtu anayegonga debe. Nilitoka barazani kusikiliza. Sijui kama ni wachache kuliko nilipokuwa mtoto, na sijasikia mtu aliyewahi kuwahesabu. Kihansi tulijua hasara kwa sababu kulikuwa na hesabu. Hapa kwetu wangeweza kupungua sauti moja moja, nasi tukadhani ni usingizi umetuzidi.

Asubuhi niliyakuta mabuti yangu juani. Kando yake, yamegeuzwa nyayo juu, yalikuwapo ya Tata, bado na tope. Hakusema neno. Nikachukua brashi.